Dizeli ya Fundi Saa

Gari lilizima mbele ya kinyozi. Juzi lilizima hapohapo, jana hapohapo, na leo tena hapohapo, yaani hata lile jiwe la kuwekea gurudumu lilikuwa bado liko palepale lilipoachwa jana.

Fundi Saa alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu ambaye bado anaendesha. Hakutaka kugeuka kulia. Kulia ndiko kulikokuwa na kibanda cha kinyozi, na kinyozi alikuwa ameshatoka nje na mashine mkononi, na mteja wake naye kamfuata, shuka shingoni, kichwa upande umenyolewa upande bado, maana burudani kama hii mtu haachi ikampita kisa nywele.

"Karibu, Fundi," kinyozi akasema, ameinama dirishani kwa adabu zote. "Leo tunapunguza pembeni, au tunatoa zote?"

Wale wa kwenye benchi wakavunjika mbavu. Fundi naye akacheka, angefanyaje. Lakini mkono ulishaingia mfukoni, ukatoka na ile saa yake ya kupimia wakimbiaji, akaitazama, akaandika kwenye kijidaftari: dakika kumi na saba. Jana kumi na saba. Juzi kumi na saba na kidogo. Injini inayokufa ovyo ovyo ni mbovu, alijiambia, lakini injini inayokufa kwa saa ina sababu yake.

Na tatizo halikuwa kinyozi. Tatizo lilikuwa Jumapili.

Lile gari lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, mpima ardhi, mtu aliyelizungusha porini miaka ishirini na tatu na kila siku ya kazi akarudi nalo nyumbani saa kumi kamili, huwezi kumkuta saa kumi na dakika moja. Alipofariki, gari likabaki uani. Magurudumu yakakaa chini, kuku wakahamia kiti cha nyuma. Mama mkwe alivumilia miaka minne, kisha akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi siku hiyo alikuwa amekwenda kusalimia tu. Akamkuta yule bwana anazunguka gari, anapiga boneti kwa kiganja kama mchinjaji anavyopiga mbuzi, na kabla akili haijamwambia nyamaza, mdomo ukawa umeshasema: nipe mimi, mama, nitalitengeneza.

Yule bwana akaacha kupiga boneti, akamtazama. Huyu ni mtu anayetengeneza saa. Kibanda chake ukikifungua milango yote hakifiki hata buti ya gari lile. Bisibisi yake kubwa kuliko zote inaweza kuchokonoa meno. Lakini marehemu ndiye aliyemkubalia posa, siku ambayo mashangazi wote walisema fundi saa atamlisha mtoto wetu nukta na dakika. Na bibi harusi aliletwa ndani ya gari lilelile. Kwa hiyo Fundi asingeweza kusimama pale na kutazama likikatwa vipande.

Mama mkwe alimtazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Nimemzika mume wangu mara moja," alisema. "Sitaki kumzika tena kila nikifungua dirisha. Chukua miezi minane. Jumapili ya mwisho, saa kumi, lije hapa getini kwa nguvu zake. Likija kwa kamba, huyu bwana atakuwa ananisubiri na lori lake."

Basi likavutwa mpaka kwa Fundi, likawekwa uani chini ya turubai, na kazi ikaanza.

Sasa wewe fikiria fundi saa anavyofungua injini. Alitandika shuka chini, akapanga vizibo vya soda kwa mistari, kila kizibo na namba yake, na kila nati aliyoitoa akaiweka kwenye kizibo chake kama yai kwenye kiota. Kaka wa mkewe, dereva wa lori, ambaye alikuja kumsaidia kwa sababu ndiye mwenye spana kubwa, alisimama akatazama lile shuka akauliza kama hii ni injini au ni maonyesho ya sonara. Kwake yeye nati ikibaki mwishoni unaitia kwenye droo na maisha yanaendelea. Fundi akamwambia kwenye saa hakuna nati inayobaki. Shemeji akasema ndiyo maana saa hazibebi saruji.

Walibishana hivyo miezi minane, na walipendana hivyo miezi minane. Shemeji akifika jioni hata hodi hapigi, anapitiliza uani, anavua shati la kazi, anaingia chini ya gari, na kutoka huko chini anaanza kumkosoa mwenzake. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba dizeli haina plagi za kurusha cheche kama petroli. Dizeli inawaka kwa kubanwa tu, na adui yake ni hewa kwenye mirija, uchafu na maji. Fundi akayaandika kwenye kijidaftari. Nozeli, vile vipua vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, alivisafisha kimoja kimoja na ile lenzi yake ya kubana jichoni, amevipakata kama watoto wachanga. Vile vitundu vyake ni vidogo, watu wengine wanavikwangua kwa waya. Fundi alitumia waya mwembamba wa saa, na shemeji, asiyesifu mtu, alikohoa tu akaondoka kwenda kunywa maji.

Siku injini ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, kuku wakaruka ukuta, na mle ndani ya moshi wanaume wawili wazima walikuwa wameshikana mabega wanarukaruka. Jirani alikuja kugombana, akakuta wanacheka, akajikuta anaomba apige honi. Injini ilinguruma saa nzima palepale uani bila kukohoa hata mara moja.

Sasa hapa lazima umjue mke wa Fundi. Alikuwa fundi cherehani, na hakuwa mtu wa kusifu kwa mdomo. Alisifu kwa kitambaa. Kitu kikimpendeza anakivalisha. Redio yake ina gauni. Birika lina koti. Jagi la maji lina kofia yenye shanga pembeni, na likipita mbele yake lolote lisilo na nguo, anaona kama liko uchi. Kwa hiyo kila kipande cha gari kilichokamilika, yeye alikipa vazi lake. Viti vikapata mifuko, usukani ukapata soksi, kirungu cha gia kikapata kikofia chenye kishada, na betri, shemeji alikufa kwa kicheko, betri ikapata fulana. Fundi hakucheka. Alijua kila mshono pale ni mkewe anamwambia umeweza.

Mvua zilipoanza, Fundi akapata hofu. Mdomo wa tangi la dizeli ulikuwa pembeni nyuma, na kifuniko chake kilikuwa cha zamani, kina kitundu kidogo katikati. Maji yakiingia kwenye dizeli ni kama mchanga kwenye saa. Akamweleza mkewe. Mkewe akachukua koti la mvua la Fundi lililokwisha chakaa mabega, akakata, akashona kofia ya kuvalisha kile kifuniko, tabaka mbili, na mpira wa kiunoni wa nguvu wa kuikaza. Wakaijaribu kwa jagi zima la maji. Halikupita hata tone. Fundi akasema hii ndiyo kazi, na mkewe akajifanya hakusikia, lakini siku nzima alikuwa anaimba.

Wiki hiyohiyo wakaanza kulijaribu barabarani, wanatoka kwa njia ya nyuma, wanazunguka mtaa mzima na kurudi kupitia kwa kinyozi. Na wiki hiyohiyo kinyozi akapata mteja mpya.

Mara tatu, dakika kumi na saba. Na Fundi, kwa vile alivyo, kila baada ya jaribio alikuwa anaingiza kijiti kwenye tangi, anaongeza dizeli mpaka alama ileile ya robo tatu, ili majaribio yote yawe sawa. Wakabadilisha filta. Wakabadilisha mirija ya mpira. Wakafungua pampu, wakaifunga. Cha kushangaza, lile gari likishazima, ukiliacha lipumzike nusu saa linawaka vizuri kabisa, kama mtu aliyekuwa anakusingizia ugonjwa.

Jumamosi shemeji akasema dawa yake anaijua. Gari lina njaa, mafuta ya chini yana taka, liongezwe. Akamimina lita tano. Fundi akabonyeza saa, wakaondoka. Hata kwa kinyozi hawakufika. Dakika tisa, likazima karibu na bomba la maji, na kinyozi alipoambiwa alisikitika kweli, akatuma mtu kuuliza amemkosea nini Fundi mpaka ahamie kwa watu wengine.

Fundi alikaa na kijidaftari chake. Tangi robo tatu, dakika kumi na saba. Limeongezwa, dakika tisa. Yaani likishiba linakufa mapema kuliko likiwa na njaa. Kwenye maisha yake yote hakuwahi kuona saa ambayo ukiijaza ufunguo inasimama haraka zaidi. Alimweleza shemeji, shemeji akasema wewe achana na hesabu, gari si saa. Lakini ile namba ilimkaa Fundi kichwani kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili ikafika, haina huruma. Mama mkwe anakaa ng'ambo ya mlima, robo saa ukienda bila kusimama. Saa tisa na nusu Fundi alikuwa amevaa shati la harusi yake, lililombana tumboni. Mkewe kakaa nyuma, sindano na uzi vimechomekwa kwenye ukosi kama kawaida yake, hajawahi kwenda popote bila sindano. Shemeji, kwa mapenzi yake, alikuwa ameamka mapema akalijaza tangi mpaka pomoni, zawadi, ili mama asije akasema wamekwenda kwake na gari lenye kiu. Akairudisha kofia ya tangi vizuri, akauvuta mpira mpaka mwisho.

Fundi alipoambiwa, alikumbuka zile dakika tisa, lakini utamwambiaje mtu aliyekuletea zawadi. Akabonyeza saa. Wakaondoka.

Safari hii hawakuzunguka, walishika njia ya moja kwa moja, wakapita kwa kinyozi wanakimbia. Kinyozi alisimama mlangoni na kamba ameiviringisha begani, tayari kusaidia, na walipompita bila kusimama, mkono wake ulibaki hewani. Shemeji akampungia kama rais. Furaha ile ilidumu kama dakika moja na nusu. Mlima ulipoanza tu, injini ikashusha sauti, ikavuta pumzi, ikatetemeka, ikanyamaza.

Fundi akatazama saa yake. Dakika sita. Na ile nyingine ya mkononi ilisema saa tisa na dakika thelathini na nane.

Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi za pembeni, na ukisikiliza vizuri ulisikia lori moja kwa mbali likipanda upande wa pili, huenda ni lile lile la vyuma, huenda si lenyewe. Shemeji alishuka, akaenda mbele, akarudi, akasema kwa sauti ya chini kwamba pale kwa kinyozi kuna kamba, na rafiki yake ana gari la kuvuta, waende hivyo hivyo, yeye ataongea na mama, ni mama yake mzazi, atamwelewa.

"Hapana, shemeji," Fundi akasema. "Kwa kamba simpeleki."

Alisema simpeleki, kama anayepelekwa ni mtu. Shemeji akatazama pembeni.

Mkewe naye alikuwa ameshuka. Hakujua pampu wala nozeli, na hakutaka kusimama pale kumtazama mumewe akiumia, kwa hiyo alifanya kile anachofanya akiwa na huzuni: alianza kukagua nguo. Akanyoosha mfuko wa kiti. Akakaza kishada cha gia. Akazunguka nyuma, na pale kwenye mdomo wa tangi akasimama muda mrefu, ameinamisha kichwa.

"Fundi," akaita. "Njoo uone. Hii kofia mimi sikuishona na kitovu."

Fundi akaenda, shemeji nyuma yake. Na kweli, ile kofia ya tangi, iliyokuwa imekaa bapa kama sahani wakati wanaondoka, sasa ilikuwa imezama katikati, kitambaa kimejikunja kuelekea ndani, kimebana kwenye kile kitundu kama mdomo wa mtoto kwenye chuchu. Mkewe aliivuta kwa vidole viwili. Haikutoka. Alisema mshono wake anaujua, haujavutwa na mtu kutoka nje. Kuna kitu ndani kinaunyonya.

Hapo ndipo ule mwiba ulipotoka kooni. Fundi alimshika shemeji mkono, akauminya bila kujua anauminya. Tangi linanyonywa na injini, kwa hiyo kila tone likitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Inaingilia wapi? Kwenye kile kitundu. Na nani ameziba kitundu kwa koti la mvua, tabaka mbili, na mpira wa kiunoni? Tangi likiwa na nafasi ndani, hewa iliyomo inalichelewesha kukabwa. Likijaa mpaka pomoni hakuna hata hewa ya kuanzia. Kumi na saba, tisa, sita. Gari lilikuwa halina ugonjwa wowote. Walikuwa wamelivalisha mpaka likakosa pumzi.

Akaivua kofia. Akazungusha kifuniko, na kilipolegea, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, hiiiiii, kama bibi anayekaa chini baada ya safari. Wote watatu walisimama pale wakaisikiliza mpaka ikaisha.

Mkewe aliweka mkono mdomoni. Alianza kusema ni yeye, ni yeye ndiye aliyeua gari la baba yake, na Fundi akamkatiza, akamwambia koti lilikuwa la nani, na nani alisimama na jagi la maji akashangilia. Shemeji akaongeza kwamba yeye ndiye aliyeukaza mpira, kwa nguvu zote, leo asubuhi, na tena alijisifu. Basi wakawa wamegawana kosa vizuri, kila mtu na kipande chake, na katikati ya kugawana wakaanza kucheka, na shemeji akicheka lazima ashike kitu, akashika boneti.

Saa tisa na dakika arobaini na tisa. Fundi akafunga kifuniko kikiwa uchi hivyohivyo, akabonyeza pampu ya mkono juu ya filta mara kumi mpaka ikawa ngumu, akaketi, akageuza ufunguo. Injini ikawaka kama ilikuwa inawasubiri wao tu.

Ule mlima walipanda kwa gia ya pili, moshi kidogo, kelele nyingi. Nyuma, mkewe alikuwa ameweka ile kofia magotini, ametoa sindano kwenye ukosi, na mkasi wake mdogo ulikuwa unafanya kazi. Kila wakiruka shimo alisubiri kidogo, kisha akaendelea. Hakuna aliyemuuliza.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa kwenye kiti cha pili, amepewa chai, lori lake liko getini limegeuzwa tayari. Wanasema mama huyu alisikia kabla ya mtu yeyote. Yule bwana alikuwa anaeleza jambo, akanyanyuliwa kidole anyamaze. Miaka ishirini na tatu ya kuisikiliza ile sauti ikipanda mlima, mtu hausahau mlio wa gari la mumewe, hata ukichanganywa na mia.

Gari likaingia mtaani, likakuta geti limezibwa na lori, likasimama nyuma yake likinguruma. Saa kumi kasoro dakika moja. Fundi akasubiri. Mkono wa saa ukafika, ndipo akapiga honi mara mbili, kama marehemu alivyokuwa akipiga.

Mama mkwe alitembea mpaka getini. Hakukimbia. Alipita karibu na boneti, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Kisha akageuka kwa yule bwana wa vyuma.

"Baba, maliza chai yako," akamwambia. "Kisha uondoe hilo lori lako. Unamzibia mtu njia ya kwenda kwake."

Fundi alitaka kuzima injini ashuke amsalimie mkwewe kwa heshima, kama inavyotakiwa, lakini mama alimwona mkono unaelekea kwenye ufunguo na akamkataza. Salamu atazipokea humohumo. Akaenda kufunga mlango wa nyumba, akarudi na kitambaa kipya kichwani, akamtoa mwanawe kiti cha mbele, nenda nyuma kwa dada yako, akakaa yeye. Akatazama vile viti, ule usukani wenye soksi, kile kikofia cha gia. Akauliza kama hata injini nayo imevaa. Shemeji akamwambia betri ina fulana, na mama mkwe, ambaye hakuna aliyemsikia akicheka tangu msiba, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kile kitambaa kipya.

Walishuka mlima kwa njia ndefu ya kuzunguka, mama alivyotaka. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Kwenye ile ya kumi na saba gari zima lilinyamaza, watu maana yake, injini yenyewe iliendelea kupiga kelele zake. Kumi na nane. Shemeji akamgonga Fundi begani mara mbili.

Walipokaribia kwa kinyozi, mama aliomba wapunguze mwendo. Habari za huyo kijana wa maneno mengi zilikuwa zimeshamfikia. Kinyozi alitoka na mashine yake, ile kamba bado iko begani, akamwona aliyekaa mbele, akaishusha taratibu nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kamba unamfungia nani?"

Benchi zima likaanguka. Kinyozi naye akacheka, angefanyaje, akasema anaanika nguo, mama, nguo tu.

Hapo nyuma mke wa Fundi alikuwa amekata uzi kwa meno. Akanyanyua ile kofia ya tangi wote waione. Katikati palikuwa na tundu moja dogo, tundu la kifungo hasa, limepindwa kwa uzi mwekundu pande zote, mshono umelala kama umepigwa pasi. Akasema sasa itavuta pumzi, na mvua isipokuwa na akili ya kupita tundu la kifungo haitaingia. Akaomba wasimame kidogo tu akaivalishe.

"Nani kasema tunasimama?" mama mkwe akauliza, na akaelekeza kidole mbele, barabara ilikokuwa inaendelea.